Naomba ushauri: pawa saplai ya mashine ya zamani ya gemu

Habari zenu wakuu. Nina mashine ya gemu ya kusimama, bodi yake ni ya JAMMA (mpangilio wa pamoja wa kuunganisha nyaya za mashine hizi), na pawa saplai yake inakaribia kukata roho. Nikipima kwenye bodi yenyewe napata volti 4.7 badala ya 5. Gemu ikichangamka tu, picha inaganda, kisha inajiwasha upya. Kapasita mbili zimevimba vichwa. Fundi ananiambia nibadilishe hizo tu, lakini mimi naona heri nifunge saplai mpya ya switchi (switching) yenye volti +5, +12 na -5.

Ninapokwama ni hapa: kwenye ile +5, ampea 10 zinatosha au niende 15? Ya kompyuta nimeifikiria, ila nyingi za sasa hazina -5, na bodi yangu inaihitaji kwa ajili ya sauti. Skrini ni CRT (ile ya chogo, kama TV za zamani) yenye transfoma yake, hiyo siigusi (naipenda roho yangu).

Waliowahi kufunga, mnapoirekebisha hiyo volti 5 mnapima wapi, kwenye saplai au kwenye bodi? Waya zangu ni nyembamba, nahisi zinakula volti njiani. Je, nizibadilishe kwanza kabla ya kununua chochote?