Nimeuziwa mbegu za rehani, ule mmea wa majani ya kunukia, kwa jina la kaktasi, halafu naambiwa kosa ni langu

Ndugu zangu, hasira hii nimekaa nayo wiki tatu, leo naitoa yote. Niko Jinja, Uganda. Mwezi wa tatu niliona tangazo la mbegu za kaktasi, pakiti moja shilingi 15,000, ukichukua tano unalipa 60,000. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa anaomba, anapenda hivi vimea kupita kiasi, nikasema sawa tuoteshe wenyewe nyumbani tangu mbegu aone kinavyokua. Nikatuma hela kwa mobail mani, mzigo ukaja na teksi kutoka Kampala, 5,000 nyingine juu.

Sasa msije mkaniambia sijui kuotesha. Mchanga wa ziwa ule wa kujengea niliuosha mara saba mpaka maji yakatoka safi, nikaponda matofali ya kuchoma kwa nyundo nikayachekecha, nikachanganya na udongo mweusi kidogo tu, haukufika robo. Vyote nikavitia kwenye sufuria juu ya sigiri nusu saa mpaka mvuke ukatoka katikati, kuua kuvu na mayai ya vijidudu, maana miche ya kaktasi inaoza shingoni haraka sana ikipata kuvu. Makopo ya aiskrimu nikayatoboa chini. Mbegu nikaziweka juu juu bila kuzifukia kwa sababu ni ndogo na zinataka mwanga, nikafunika na kavera, yaani mfuko wa plastiki, inayoonyesha ndani, nikaweka dirishani ambapo jua halipigi moja kwa moja, jua letu la saa sita linaigeuza miche myekundu halafu inakauka. Joto la hapa lenyewe ndilo zinalotaka, nyuzi 20 mpaka 30.

Asubuhi ya pili mtoto ananiita, baba njoo uone, mbegu zimevaa jeli.

Nikachukua simu nikavuta kwa kamera. Kila mbegu imezungukwa na utando wa maji kama mayai ya chura, katikati kidoti cheusi. Roho ilishtuka palepale, maana nimeshawahi kunywa sharubati yenye mbegu za rehani na zinavimba vilevile ukiziloweka, lakini nikajizuia nikasema ngoja. Siku ya tano zikatoka majani mawili mapana. Wiki ya tatu nikakata jani nikalisugua vidoleni, likanuka, jirani yangu akapita akasema hiki ni jamaa yake mujaaja, ule mmea wa kutia kwenye chai, unataka kupika chai? Pakiti tatu ni rehani. Ya nne imetoa jani moja moja jembamba limesimama kama sindano, hizo ni nyasi, kaktasi hutoka na vijani viwili vifupi vinene au kibonge cha kijani kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Ya tano mpaka leo hakuna kitu.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima kabisa. Jibu la kwanza: ssebo (yaani bwana), kaktasi inataka subira. La pili: umemwagilia maji mengi. La tatu: udongo wako mbaya. Yaani udongo wangu ndio umegeuza kaktasi kuwa rehani?

Na hapo ndipo nilipomshika, kwa sababu siku ileile niliyopanda mbegu zake nilinunua pitaya sokoni, lile tunda la ganda la pinki ambalo wengi wanaliita dragoni, nalo ni kaktasi. Nikakamua nyama kwenye chujio la chai, nikaosha mbegu mpaka utelezi ukaisha, nikahesabu 30 nikazipanda kwenye mchanga uleule, maji yaleyale, dirisha lilelile. Siku ya tisa ya kwanza ikatoka, siku ya kumi na tano ziko 26. Nikamtumia picha makopo yote yakiwa pamoja. Kimya siku mbili.

Akarudi na ofa, eti badala ya kurudisha hela anipe mche wa kaktasi mkubwa. Akatuma picha. Miiba imetoka miwili miwili, hakuna kale kadoti kenye manyoya kama pamba ambako miiba ya kaktasi hutokea. Ile ni yuforbia, ndugu wa miti ile mirefu iliyosimama kule hifadhi ya Queen Elizabeth! Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na ukiingia machoni ni hatari kubwa, na huyu mtu ameshaambiwa kwamba anayeshika vimea hivi ni mtoto wa miaka tisa, hakutoa hata neno moja la kuonya. Hapo nilitetemeka kweli. Nikamwambia, akanibloku.

Na zile picha za tangazo jameni, kaktasi za zambarau, za buluu ya kung'aa, nyekundu tupu. Zile nyekundu na njano zenye kichwa cha duara zipo kweli, lakini zimeunganishwa juu ya shina la kaktasi nyingine ya kijani kwa sababu zenyewe hazina ule ukijani wa kujitengenezea chakula, mche wake ukiota peke yake unakufa, haiwezekani kumuuzia mtu mbegu ukamwambia atapata hiyo. Muuzaji wa mbegu anajua hilo au hajui, yote mawili ni mabaya.

Hela 65,000 inauma, lakini kinachouma zaidi ni mtoto aliyeamka kila asubuhi kabla ya shule kupangusa maji ya kavera na kuhesabu, kwenye daftari ameandika tarehe, idadi, na mchoro. Mchoro wa rehani.

Sasa naomba mwenye kaktasi zake zinazozaa, awe Jinja, Kampala au Mbale, hata mpungate wa kwenye ua, aniuzie tunda lenyewe. Bei aseme yeye. Mbegu nitazitoa kwa mkono wangu na binti yangu akiona. Zile pitaya 26 bado ziko hai zote, juzi katikati ya majani mawili ya mmoja wao kimetoka kishina chenye vimiiba laini, ameshakichora.