Ushirikiano na taasisi za serikali katika mafunzo kwa vitendo: ni nini huufanya udumu?

Mratibu wa Mafunzo

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Ninaratibu mafunzo kwa vitendo katika chuo cha umma, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiwapeleka wanafunzi katika wizara, idara na halmashauri badala ya kuwaachia wajitafutie nafasi wenyewe. Nina imani kubwa na utaratibu huu. Mwanafunzi wa utawala, uhasibu, takwimu au mipango miji anayekaa serikalini kwa muhula mzima huona jinsi uamuzi unavyofikiwa, jambo ambalo darasani tunalieleza kwa michoro tu, na taasisi nayo humfahamu mapema mtu ambaye huenda kesho akawa mtumishi wake.

Ninachotatizwa nacho ni namna ya kuufanya ushirikiano udumu. Mwanzoni huwa na nguvu: mkuu wa taasisi hutupokea vizuri, hati ya makubaliano hutiwa saini, na wanafunzi wa awamu ya kwanza hurudi wakiwa na mengi ya kusimulia. Kisha mkuu yule huhamishwa, na anayeshika nafasi yake huipokea barua yetu kana kwamba hajawahi kusikia habari za chuo chetu. Hivi karibuni taasisi moja ilitujulisha, siku chache kabla wanafunzi hawajaripoti, kwamba haina nafasi, ingawa makubaliano yalikuwa bado hai na baadhi ya wanafunzi walikwisha kulipia vyumba vya kupanga.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kushirikiana na serikali katika jambo hili, au waliowahi kuwa upande wa serikali wenyewe. Ni nini hasa huufanya ushirikiano uendelee kuishi watu wanapobadilika? Je, dawa ni hati ndefu zaidi ya makubaliano, au kuna jambo jingine tusiloliona kutoka huku nje?

Afisa Utumishi Mstaafu

Mwalimu, nilifanya kazi katika idara ya utumishi hadi nilipostaafu, na barua za vyuo zilipita mezani kwangu kila mwaka, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kama linavyoonekana kutoka ndani.

Barua yako ikifika hupitia masjala, yaani ofisi ya kutunza majalada, kwanza. Hugongwa mhuri wa tarehe, hupewa namba ya folio (namba ya mfuatano wa karatasi ndani ya jalada) na kufungwa katika jalada la mada husika, kisha jalada hupelekwa kwa mkuu wa taasisi, naye huandika maelekezo ya maneno mawili matatu na kulishusha hadi kwa afisa wa dawati. Afisa huyo ndiye anayeandika dokezo: hueleza historia ya jambo, kanuni zinasemaje, gharama zitakuwa zipi na yeye anapendekeza nini, kisha jalada hupanda tena kwa ajili ya idhini. Mkuu mpya hana njia nyingine ya kuwafahamu ninyi isipokuwa kusoma kilichomo humo. Akikuta folio ya mwisho ni hati ya makubaliano iliyosainiwa na mtangulizi wake, na baada yake hakuna kitu, atahitimisha kwamba jambo lilikwisha siku ile ile liliposainiwa, na kwa ushahidi ulio mbele yake hatakuwa na kosa.

Kwa sababu hiyo nawasihi waratibu wote walilishe jalada. Kila barua yenu itaje kumbukumbu namba ya barua ya taasisi iliyotangulia, ili masjala iifunge mahali panapostahili na isifungue jalada jipya. Nimeona vyuo vikipoteza historia nzima ya ushirikiano kwa sababu tu barua mpya ilifungwa kwenye jalada jingine. Kila awamu ikimalizika, leteni taarifa ya kurasa mbili inayoeleza ni wanafunzi gani walipokelewa, katika vitengo vipi, na walifanya kazi gani iliyobaki kuwa na manufaa kwa taasisi. Barua ya shukrani pekee haitoshi. Afisa anayeandaa dokezo la mwaka unaofuata anahitaji maneno ya kunukuu, na mkimpa maneno hayo mmemrahisishia kazi ya kuwatetea.

Jambo la pili ni fedha, na hapa ndipo vyuo vingi hukwama bila kujua. Serikali hufanya kazi kwa mwaka wa fedha, na mwaka huo haujali mihula yenu. Kenya, Uganda na Tanzania huuanza tarehe 1 Julai, Uingereza na India mwezi Aprili, na Serikali Kuu ya Marekani tarehe 1 Oktoba. Posho ya mwanafunzi, hata iwe ndogo namna gani, haiwezi kulipwa kama haikuombewa kasma (fungu la fedha la matumizi hayo) wakati bajeti inaandaliwa, yaani miezi mingi kabla ya mwaka huo kuanza. Mkuu wa taasisi anaweza kukubali kwa moyo mweupe mbele yenu, lakini Afisa Masuuli, anayewajibika kwa matumizi ya fedha za taasisi, hawezi kuidhinisha matumizi yasiyo na kifungu. Hata pale ambapo mwanafunzi halipwi, bado kuna meza, kompyuta, nauli ya kwenda kukagua miradi na muda wa msimamizi. Ombi linaloletwa katika miezi ya mwisho ya mwaka wa fedha hukuta mafungu yamekwisha, na jibu la "hatuna nafasi" mara nyingi maana yake ni hiyo.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuwapokea wanafunzi bila gharama yoyote, kama watu wa kujitolea. Hilo nalo lina sheria zake, na kila nchi ina zake. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1884 ilizikataza idara za Serikali Kuu kupokea huduma za kujitolea, na wanafunzi walihitaji kufunguliwa mlango na sheria ya mageuzi ya utumishi wa umma ya mwaka 1978, kwa masharti kwamba huduma yao iwe sehemu ya masomo na wasichukue nafasi ya mtumishi aliyeajiriwa. Sharti hilo la mwisho nalipenda sana. Taasisi inayopungukiwa na watumishi hushawishika kumfanya mwanafunzi awe karani wa bure, na chuo kisipoandika kinachotarajiwa, hakitakuwa na pa kusimamia siku ya malalamiko.

Mkuu wa Ushirikiano wa Nje, Chuo

Nakubaliana na Mzee wetu hapo juu karibu katika kila jambo. Nami nijibu swali kuhusu hati ndefu: hapana, Ndugu Mratibu, usiirefushe.

Hati ndefu ya makubaliano hupelekwa kwa wanasheria wa pande zote mbili, hukaa huko, na ikirudi kila kifungu kinachohusu wajibu kimekwisha kulainishwa kwa maneno kama "kadiri itakavyowezekana". Sisi tuliamua hati kuu iwe fupi, ieleze nia, muda wa ushirikiano, bima, usiri na namna ya kuvunja makubaliano, kisha kila mwaka tunatia saini kiambatisho kinachotaja idadi ya nafasi, vitengo vitakavyopokea, tarehe za kuanza na kumaliza, na cheo cha msimamizi. Nimesema cheo, kwa sababu jina huondoka na mtu anapohamishwa. Kiambatisho husainiwa na mkurugenzi wa utumishi, ambaye ni rahisi kumfikia kuliko mkuu wa taasisi, na kusainiwa kwake kila mwaka ndiko kunakoufanya uhusiano usizeeke.

Kuhusu tarehe, ningependa tujifunze kwa waliotutangulia. Herman Schneider alipoanzisha mpango wa kupishanisha masomo na kazi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, wanafunzi wa uhandisi walikuwa wakipokezana, kundi moja likiwa darasani na jingine kiwandani, kwa hiyo mwajiri alijua wakati wote kwamba nafasi ile ina mtu na lini mtu huyo atabadilishwa. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilichoanza mwaka 1957, kilijengwa juu ya utaratibu wa namna hiyo tangu siku zake za mwanzo. Upande wa serikali upo mfano wa Tume ya Ulaya, ambayo imekuwa ikipokea wahitimu kwa mafunzo ya kazi tangu mwaka 1960: muda ni miezi mitano, kuna posho, na awamu ni mbili kwa mwaka, moja ikianza Machi na nyingine Oktoba. Makamishna huja na kuondoka, lakini awamu ya Machi inajulikana kuwa ni awamu ya Machi. Tarehe zikishakuwa desturi ya ofisi, hakuna anayehitaji kushawishiwa upya, kitengo chenyewe huanza kuuliza, "wanafunzi wa mwaka huu wanaripoti lini?" Ninyi mnaomba nafasi kwa tarehe zile zile kila mwaka, au tarehe hubadilika kufuata ratiba ya mitihani? Kama hubadilika, ningeanzia hapo kabla sijagusa jambo jingine lolote.

Wakili wa Taasisi za Elimu

Nitaongeza machache ya kisheria, kwa ufupi.

Kabla ya mwanafunzi hajagusa jalada lolote, aelezwe kwa maandishi masharti ya usiri na aape ikiwa kanuni za taasisi zinahitaji kiapo. Kubalianeni mapema ni nani atakayeipitia ripoti yake ya mafunzo kabla haijawasilishwa chuoni na kwa muda gani, kwa sababu nimeshuhudia ripoti zikizuiwa hadi tarehe ya kuhitimu ikapita. Swali la nani atabeba gharama mwanafunzi akiumia kazini au akiwa safarini kikazi lisiachwe lijibiwe baada ya ajali.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2023 Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora. Halizifungi nchi kama mkataba unavyozifunga, na linahusu uanagenzi, si mafunzo mafupi ya wanafunzi wa vyuo, lakini yale linayoyataja kuhusu makubaliano ya maandishi, malipo, saa za kazi, likizo na fidia ya ajali ni kipimo kizuri cha kupitishia kiambatisho ambacho mchangiaji aliyetangulia amekieleza.

Niliyekuwa Mwanafunzi

Naomba nami niseme, kwa heshima, kwa sababu wachangiaji wote wamezungumzia barua na hati, ilhali mwanafunzi akishafika ofisini anakutana na mtu mmoja tu, yaani msimamizi wake.

Nilipelekwa katika idara iliyokuwa na ushirikiano mzuri kabisa na chuo chetu katika makaratasi. Kitengo cha kwanza hakikuwa na habari kwamba nakuja, nikapewa kiti kando ya mashine ya kurudufu na kuambiwa nisubiri. Nilisubiri siku nyingi. Baadaye nilihamishiwa kitengo cha malalamiko ya wananchi, na msimamizi wa huko alikuwa amekwisha kuandaa kazi: marobota ya barua ambazo hazikuwa zimejibiwa, nami nilitakiwa kuzisoma, kuzipanga kwa aina ya lalamiko na kuandika rasimu ya jibu kwa zile nyepesi. Rasimu yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Alinionyesha mahali nilipoahidi jambo ambalo idara haina mamlaka nalo, mahali nilipomjibu mwananchi swali asiloliuliza, na aya moja ambayo ilikuwa sahihi lakini ingemfanya mzee wa kijijini ajione amedharauliwa. Sijawahi kufundishwa uandishi wa kiofisi vizuri kuliko hivyo, na orodha niliyoiandaa iliendelea kutumika baada ya mimi kuondoka.

Taasisi ni ile ile na makubaliano ni yale yale. Tofauti ni kwamba msimamizi mmoja aliarifiwa mapema na akafikiria kazi, na mwingine hakuarifiwa. Ninawaomba waratibu wawaone wasimamizi ana kwa ana kabla wanafunzi hawajafika, na mhadhiri anapokuja kukagua asiishie kusaini daftari la kumbukumbu za kila siku, bali akae na msimamizi na kumwuliza ni kazi gani mwanafunzi amekabidhiwa.

Mratibu wa Mafunzo

Nawashukuru sana. Kuhusu tarehe, ni kweli kwamba zetu huhama kila mwaka kwa kufuata ratiba ya mitihani, na nitalipeleka jambo hilo kwenye kamati ya taaluma. Maneno ya kijana wetu hapo juu yameniingia. Nitaomba majina ya wasimamizi yaletwe kabla ya orodha ya wanafunzi haijakamilishwa.

Swali moja kwa Mzee: taarifa ya mwisho wa awamu tuielekeze kwa nani? Tukiipeleka kwa mkuu wa taasisi nahofia itachukua muda mrefu kushuka, na tukiipeleka moja kwa moja kwa kitengo haitaonekana juu.

Afisa Utumishi Mstaafu

Ielekezeni kwa mkuu wa taasisi kwa cheo chake, na chini ya barua mweke nakala kwa mkurugenzi wa utumishi na kwa mkuu wa kila kitengo kilichopokea mwanafunzi. Nakala hiyo ya kitengo msiidharau, kwa maana ndiyo itakayomfanya mkuu wa kitengo ajione ametajwa kwa jambo jema mbele ya mkubwa wake, na mwaka unaofuata atakuwa wa kwanza kusema anahitaji wanafunzi.

Katika barua hiyo hiyo ombeni nafasi za awamu ijayo, mkitaja tarehe na vitengo, ili taarifa na ombi visomwe pamoja katika dokezo moja. Kama mwaka wa fedha wa huko kwenu uko karibu kufungwa, msingoje awamu imalizike. Andikeni wakati wanafunzi bado wako ofisini, ili afisa anayeandaa dokezo aweze kutoka mezani kwake na kwenda kumwuliza msimamizi wao wanafanya kazi gani.