Wanaoandaa mbio za baiskeli za vyuo Marekani bila malipo: waendelee hivyo au walipwe?

Mtu wa Iringa
Wakuu habari. Kuna jambo linanikereketa. Niko mwaka wa pili wa masters huku kaskazini mashariki mwa Marekani na nimejiunga na klabu ya baiskeli ya chuo. Kwa wasiojua, huku baiskeli haiko NCAA, chombo kikubwa cha michezo ya vyuo, kama riadha, iko chini ya shirikisho lao USA Cycling, nchi imegawanywa kanda kanda na kila kanda ina mkurugenzi na watu wake, wengi ni wanafunzi au waliomaliza juzi juzi, wanafanya hayo wakitoka kazini. Msimu wa barabarani ni Machi mpaka Mei, kila wikiendi chuo kimoja kinaandaa wengine wanakuja na mavan, Jumamosi mbio ndefu, Jumapili kuzunguka mitaa. Polisi wa kufunga barabara analipwa. Refa analipwa. Anayeamka saa kumi alfajiri kupanga koni, anayegawa namba na pini, anayesimama kona na bendera masaa sita kwenye mvua ya barafu, huyo anapewa sandwichi. Wikiendi iliyopita watu wanne wa kona hawakutokea, mbio za daraja D, yaani wale wanaoanza, zikafutwa, na kuna wasichana wawili walisafiri masaa matano wakarudi hawajakanyaga pedali. Walipwe au wasilipwe?

Mzee wa Phoenix
Kijana, kwenu wamechanga ukasome. Sasa unatuambia unasimama njia panda umeshika bendera, bure, kwa ajili ya watoto wenye baiskeli za bei ya bodaboda mbili? Rudi maktaba.

Mtu wa Iringa
Mzee shikamoo, ila hapo umenigusa pabaya. Hakuna aliyenichangia hata mia, ada yangu nailipa kwa kufundisha watoto wa mwaka wa kwanza, na baiskeli ninayopanda ni ya klabu, nimeazimwa. Nilipofika huku miezi minne sikuwa na mtu wa kuongea naye zaidi ya mama kwenye simu, hao wa bendera ndio walionipa pa kula Krismasi. Kundi la watu 30 linashuka mteremko, gari la mtu anayetoka kanisani linataka kuchomoza pale njia panda, kati yao na hilo gari ni mimi na kitambaa. Usiidharau bendera mzee wangu.

Dada wa Minnesota
Kabla hamjachomana niseme la kisheria. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na ndani ya chuo mwisho masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Siku watu wa kona wakianza kulipwa, kaka wa Iringa hatasimama kona tena. Halafu hela yenyewe itatoka wapi kama si kwenye ada ya mbio ya mwanafunzi yuleyule? Mimi naona wapewe mafuta na chakula cha moto, na chuo kisicholeta watu wa kona kisiruhusiwe kushindana.

Msee wa Eldy
Mzee wa Phoenix ako sawa kwa moja, huu ni mchezo wa wenye pesa. Sisi Wakenya twaenda Marekani na miguu yetu, kukimbia. Henry Rono alikuwa Washington State University, 1978 akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Nani alimwandalia mbio? Chuo, na makocha wa mshahara. Kitu wanaitaka wanailipia. Isiyolipiwa ujue hawaitaki.

Mzee wa Phoenix
Rono namvulia kofia ila msijifanye mlikuwa peke yenu. Suleiman Nyambui wetu wa Tanzania alikuwa chuo cha El Paso kule Texas, mataji ya vyuo aliyabeba kama mtu anayevuna mahindi, kisha dhahabu ya Olimpiki ya Moscow 1980.

Msee wa Eldy
Dhahabu gani buda? Fedha, mita 5000, nyuma ya Yifter wa Ethiopia. Na Kenya haikuwa Moscow, tuligoma, ndio mkapata nafasi.

Mzee wa Phoenix
Fedha, sawa, nimekosea, umri. Lakini hilo la nafasi ulifute. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974, mita 1500, Filbert Bayi wetu aliongoza tangu mlio wa bastola mpaka utepe na rekodi ya dunia juu yake, John Walker wa New Zealand wa pili, Jipcho wenu wa tatu. Hiyo mlikuwepo.

Msee wa Eldy
Mbio moja mnaimba miaka hamsini. Hesabu medali zote turudi hapa.

Dada wa Minnesota
Jamani swali lilikuwa baiskeli. Na hakuna aliyejibu habari ya viza.

Pancha Kila Siku
Mimi nimeshikwa na ile "isiyolipiwa hawaitaki". Ndugu, njoo Bloomington, Indiana, mwezi wa nne uone Little 500, mbio za baiskeli za wanafunzi wa Indiana University. Ipo tangu 1951. Timu ya watu wanne wanapokezana baiskeli, gia moja, breki ni ya kurudisha pedali nyuma, wanaume mizunguko 200 ambayo ni maili 50, wanawake walianza 1988 na wao ni mizunguko 100. Uwanja unajaa. Hakuna mwendeshaji anayelipwa, wanafunzi wenyewe ndio wanaobeba maandalizi, na ilianzishwa ili ipatikane hela ya kuwasomesha wanafunzi wanaofanya vibarua. Sasa hiyo haitakiwi?

Msee wa Eldy
Hiyo ni ndani ya uwanja, hakuna gari. Mimi naongea barabara. Na niwaambie kitu, Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya, Sule wetu, alifia Vermont Agosti 2022 kwa mbio za barabara ya changarawe. Nilimjua, si kwa kumuona TV, nilimjua barabarani hapa kwetu nikiwa na baiskeli ya babangu, Black Mamba na yeye akanisalimia. Tangu hiyo siku nikisikia mtu anasema mbio zinaendeshwa na watu wa bure bure roho hainitulii. Ndio maana naongea kwa ukali, si Nyambui.

Mtu wa Iringa
Pole sana ndugu yangu. Hizo hazikuwa za vyuo, na alianguka akiwa kwenye kasi kubwa, kwa hiyo mimi siwezi kumnyooshea kidole aliyesimama njiani siku ile. Ila nakuelewa. Huku jina lake bado linatajwa.

Pancha Kila Siku
Pole Eldy. Nilijibu haraka.

Mzee wa Phoenix
Mungu amrehemu. Mtu wa Iringa, hebu nikuulize, wale wasichana wawili walirudishiwa ada yao?

Mtu wa Iringa
Bado mzee. Mweka hazina wa waandaaji ana mitihani wiki hii, na yeye ndiye aliyepanga koni, ndiye aliyeandika matokeo. Simtetei, hela ya watu irudi, ila nilimuona saa mbili usiku anakunja turubai peke yake na mikono imevimba kwa baridi. Jumapili hii ni zamu ya chuo chetu. Tuna kona kumi na moja na watu saba.

Mzee wa Phoenix
Worcester ni mbali na hapo ulipo? Nina mpwa wangu yuko kule, ana makaratasi yake yote, Jumapili hafanyi kazi.

Mtu wa Iringa
Dakika arobaini. Mwambie aje na makoti mawili na viatu vya mvua, saa kumi na moja alfajiri tunagawa bendera.