Nyie wa "zima faiawoli, weka VPN": mnaharibu kompyuta za watu halafu torenti bado haishuki

Wakuu, leo nimefura na sitamung'unya maneno. Mtu akiuliza kwa nini torenti yake (faili linaloshushwa vipande vipande kutoka kwenye kompyuta za watu wengine) haishuki, kabla hajamaliza kueleza keshapewa majibu matatu: zima faiawoli (ukuta unaochuja mawasiliano ya kompyuta), weka VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya kampuni nyingine), futa programu uiweke upya. Hakuna anayemuuliza programu imeandika nini kwenye safu ya hali. Hakuna anayeuliza kuna wagawaji wangapi, yaani wenye faili zima, wala kama poti, yaani mlango wenye namba ambao programu inapokelea mawasiliano, iko wazi, wala kama diski ina nafasi. Ni ramli tupu. Masikini wa Mungu anafuata ushauri, torenti inabaki pale pale, kompyuta sasa iko uchi kwenye intaneti, na mshauri keshaingia mitini.

Bram Cohen alitoa BitTorrent mwaka 2001. Hadi leo ni vigumu kupata programu nyingine za mtandao zinazojieleza kama hizi: nani umeunganishwa naye (huyo ndiye mwenza), ana asilimia ngapi, traka (seva inayowakutanisha wenza) imejibu nini, data kiasi gani imetupwa. Yote yako kwenye skrini. Sisi tunaiacha skrini tunaanza kubahatisha.

Nianze na faiawoli maana ndiyo inayonikera kuliko zote. Kwenye Windows, programu ya torenti ikifunguliwa mara ya kwanza, kinatokea kidirisha kinachouliza kama uiruhusu kupokea mawasiliano. Mwenye haraka anaghairi. Sasa sikilizeni: Windows haichukulii kughairi huko kama "niulize baadaye". Inaandika kanuni ya kuzuia, na kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Ndiyo maana mtu anaongeza ruhusa mpya kabisa na bado mlango umezibwa. Ndiyo maana pia kufuta programu na kuiweka upya hakubadilishi kitu, kwa kuwa kanuni imeandikwa kwa mahali faili la programu lilipo; ukiiweka tena hapo hapo, kanuni inakusubiri. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya kina ya faiawoli, kufungua orodha ya kanuni za mawasiliano yanayoingia, kutafuta jina la programu, kufuta zile zenye alama nyekundu, kisha kuruhusu. Tazama pia mtandao wako umehesabiwa kuwa wa umma au wa binafsi, kwa sababu ruhusa ya mmoja haimfikii mwingine. Basi. Kuzima faiawoli nzima kwa ajili ya hilo ni kubomoa ukuta kwa sababu umesahau kufuli limefungwa.

Na mara nyingi hata si faiawoli ya kompyuta. Ni ruta. Tena hapa kuna uongo unaosambazwa kwamba poti ikifungwa hushushi kitu. Unashusha. Poti iliyofungwa maana yake wewe unaweza kuwapigia wengine hodi ila wao hawawezi kukupigia. Torenti yenye wagawaji mia hutaona tofauti kubwa. Tatizo linajitokeza kwenye torenti yenye mgawaji mmoja: naye akiwa amefungwa poti na wewe umefungwa, hakuna anayeweza kumfikia mwenzake, isipokuwa programu zenu zibahatike kutoboa njia kwa msaada wa mwenza wa tatu. Kwenye skrini utaona mgawaji 1 kwenye mabano, na waliounganishwa 0, siku nzima. Halafu mtu anaambiwa "subiri, atakuja hewani". Yuko hewani huyo! Hamuonani tu.

Kuangalia hili hakuhitaji shahada. Chukua programu mbili za torenti: Transmission inakuandikia kabisa kwenye mipangilio ya mtandao kama poti iko wazi au imefungwa. qBittorrent ina alama ndogo chini ya dirisha. Ikiwa ya kijani uko sawa, ikiwa si ya kijani kuna kitu kinazuia. Washa UPnP (inayoiwezesha programu kuiomba ruta ifungue poti) kwenye ruta na kwenye programu, au elekeza poti kwa mkono kwenda kwenye anwani ya kompyuta yako ndani ya nyumba, na hiyo anwani uifunge isibadilike, maana ruta ikizimwa ikiwashwa huenda ikakupa nyingine na kazi yako yote ikaelekea kwenye simu ya mtu. Na tafadhali acheni kuwapa watu poti 6881. Hiyo na zile zinazoifuata hadi 6889 ndizo za jadi za BitTorrent, kwa hiyo ndizo rahisi kuzuiwa. Chagua namba ya juu, juu ya 49152 kwa mfano, uachane nayo.

Ukishafanya yote hayo na poti bado imefungwa, fungua ukurasa wa ruta usome anwani yake ya nje, kisha ulinganishe na anwani ambayo tovuti yoyote ya kuonyesha IP inakuonyesha. Zikitofautiana, na ile ya ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma: wateja wengi mnachangia anwani moja, na hakuna kitu cha kubonyeza nyumbani kwako kitakachofungua poti hiyo. Omba anwani ya umma, au tumia IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za intaneti, kama laini yako inayo. Nimeona watu wakishauriwa kununua ruta mpya kwa tatizo hili. Ruta mpya! Nayo itapewa anwani ile ile ya 100.64.

VPN sasa. Sikatai kwamba ina kazi yake. Watoa huduma wa kubana torenti wapo. Comcast ya Marekani iligundulika mwaka 2007 ikikata mawasiliano ya BitTorrent kwa pakiti bandia, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ikaamua dhidi yake mwaka 2008, na mahakama ikautengua uamuzi huo mwaka 2010. Lakini hilo linapimika. Chukua torenti ya Ubuntu au Debian kutoka kwenye tovuti zao wenyewe, ambazo ni halali na wagawaji wake ni wengi. Ikishuka kwa kasi, laini yako haijabanwa, tatizo ni torenti ile nyingine, na VPN haitamleta mgawaji ambaye hayupo. Ikisuasua bila VPN na kukimbia ukiiwasha, hapo una haki ya kumshuku mtoa huduma. Kipimo hicho nimewaandikia watu mara nyingi na sijui kwa nini hakishiki.

Tena VPN yenyewe huleta matatizo mapya ambayo washauri hawayataji. VPN nyingi hazielekezi poti, kwa hiyo ile poti uliyohangaika kuifungua kwenye ruta inakuwa haina maana pindi VPN inapowaka. Mullvad, waliokuwa na huduma hiyo, waliiondoa mwaka 2023. Za bure nyingi huzuia torenti moja kwa moja. Na kuna hili linalowatesa watu kimyakimya: mtu aliwahi kuifunga programu ya torenti kwenye VPN ili isitoke nje bila VPN hiyo, akasahau. Sasa VPN imezimwa au imeondolewa, torenti zote ziko kwenye sifuri, DHT (njia ya wenza kutafutana bila traka) nodi 0, kivinjari kinafanya kazi kama kawaida. Dakika moja kwenye mipangilio ya kina, rudisha kwenye kiunganishi chochote cha mtandao, zinaamka zote kwa pamoja.

Nodi 0 hizo zisomwe pia kwa wale wa linki za magneti. Linki ya magneti haina orodha ya faili ndani yake, ina heshi tu (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data) na pengine traka kadhaa. Programu lazima impate mwenza kwanza ndipo ichukue maelezo ya faili kwake. Ikikaa kwenye kutafuta maelezo, angalia chini: DHT ya kawaida huonyesha nodi mamia. Ikiwa 0, UDP (aina ya mawasiliano ambayo DHT hutumia) imezibwa mahali fulani au DHT imezimwa kwenye mipangilio. Ikiwa 350 na bado kimya, torenti imekufa, zikeni.

Nije kwenye asilimia 99, ambako ushauri unakuwa wa hovyo kupita kiasi. "Simamisha, anzisha tena." Kwa nini? Torenti hukatwa vipande, kila kipande kina heshi yake, na programu haipokei kipande kisicholingana na heshi. Fungua kichupo cha wenza utazame kwa macho yako. Juzi nimetazama moja: wenza kumi na kitu, kila mmoja 99.4, hakuna hata mmoja mwenye 100. Kwenye upatikanaji pameandikwa 0.994. Maana yake ukikusanya vyote walivyo navyo wote hao, faili halitimii. Wamekaa wanasubiriana. Aliyekuwa na kipande cha mwisho aliondoka pindi lake lilipotimia, kama wafanyavyo wengi wenu humu, na nawajua kwa majina ya akaunti. Mnashusha, mnafuta, kisha mnarudi kulalamika torenti nyingine imekufa! Mnadhani aliyeiua ni nani?

Upatikanaji ukiwa chini ya 1 hakuna mpangilio wa kubadilisha. Kinachoweza kusaidia ni kutafuta torenti nyingine yenye faili lile lile, lilingane jina na ukubwa hadi baiti ya mwisho, uielekeze kwenye folda ile ile, uiambie ikague upya. Itatambua vipande ulivyo navyo na kuvuta vilivyopungua. Imewaokoa wengi, na sijawahi kuona mtu wa VPN akiitaja.

Upatikanaji ukiwa juu ya 1 na bado umekwama, tazama kiasi cha data iliyotupwa. Kama kinapanda, vipande vinafika vikiwa vibovu vinakataliwa. Kama hakipandi, angalia antivairasi. Huenda imelikamata faili moja ndani ya folda na kulifungia, programu inataka kuliandika haiwezi. Lakini ikiwa kilichokamatwa ni faili la .exe mahali ulipotarajia video, usiwe mbishi, iache antivairasi ifanye kazi yake.

Spidi. Laini ya Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Anayeona MB 2.3 na kulia kwamba ameibiwa, hajaibiwa. Anayeona KB 40 anayo kesi, na cha kwanza kuchunguza ni kupandisha kwake, yaani anavyowatumia wengine data. Wapo waliofunga kupandisha kwenye KB 1 ili "kuokoa laini". Itifaki hii inalipana: mwenza anayeshusha kama wewe anawapa kwanza wanaompa yeye, na wengine wanaonjeshwa kwa zamu ya takriban sekunde 30. Usipotoa unabaki kuokota makombo, labda torenti iwe na wagawaji tele. Upande wa pili wapo walioachia kupandisha bila kikomo. Njia ya kwenda juu inajaa, vile vijipakiti vya kuthibitisha kilichopokelewa vinakwama kwenye foleni, na kushusha nako kunalala, na nyumba nzima inalalamika kurasa hazifunguki. Weka kikomo kwenye asilimia 80 hivi ya uwezo wako wa kupandisha. Na punguza idadi ya miunganisho. Ruta nyingi za nyumbani huzidiwa na kuganda zikibebeshwa maelfu, na 200 zinatosha kabisa.

Kuna pia kundi la "rudi kwenye µTorrent 2.2.1, ile ya zamani ndiyo tamu", wakimaanisha toleo la zamani la programu ya torenti. Mwaka 2018 Tavis Ormandy wa Project Zero, timu ya Google ya kutafuta mianya ya usalama, alionyesha µTorrent ina mianya ambayo tovuti yoyote uliyofungua ingeweza kuitumia. Toleo la zamani la miaka mingi halirekebishwi na mtu. Kumpa mgeni ushauri huo leo ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Makosa ya diski sina subira nayo, yanajieleza yenyewe. Faili linalokufa kwenye GB 4 kamili liko kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, ambayo haipokei faili zaidi ya hapo. Taswira ya Ubuntu (faili la kusakinishia mfumo huo) ya siku hizi inazidi kiasi hicho, tumia mfumo wa NTFS au exFAT. Njia ndefu kupita herufi 260 kwenye Windows, fupisha jina la folda. Na nje ya diski, traka za https zote zikikataa kwa pamoja, angalia saa ya kompyuta, maana ikikosea vyeti vya usalama vya https hukataliwa.

Na anayesema "futa yote uanze upya" akiona kosa kwenye GB 60 zilizokaribia kutimia, apumzike. Kuna kitufe cha kukagua upya. Kinasoma kilichopo kwenye diski, kinakibakiza kilicho kizima na kutupa kilichoharibika. Kama kila ukikagua inashuka kutoka 99 hadi 97, unaijaza, unakagua, inashuka tena, na vipande vinavyoharibika si vile vile, hapo mtandao hauna kosa kabisa. Shuku RAM au diski. Washa kompyuta kwa Memtest86, programu ya kupima RAM, iache ikague usiku kucha, ikitoa makosa chomoa vijiti vya RAM kimoja kimoja hadi ukipate kibovu.