Naomba ushauri: nataka seva za nyumbani ziitwe kwa majina, si kwa namba

Mkazi wa Segerea
Habari za jioni wakuu. Nina kompyuta ya zamani nyumbani nimeigeuza seva: Jellyfin kwa filamu za watoto, na folda ya picha za familia. Pembeni kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inagawa IP (anwani za namba za vifaa) upya. Jana seva ilikuwa 192.168.1.7, leo ni .12, na mama watoto ananipigia niko kazini Posta anauliza namba. Nataka aandike jina tu, mfano picha.local. Kwenye kompyuta yangu nimeliingiza kwenye faili la hosts (orodha ya majina na IP zake) likakubali, ila simu hazina pa kuandika. Ruta ni ya kampuni ya intaneti, haina sehemu ya kubadili DNS (huduma inayogeuza jina kuwa IP). Nifanyeje?

Kebo Saba
Mkuu, jina lisubiri, tuliza IP kwanza. Kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa IP), ifungie seva IP moja kwa kutumia MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa). Na Pi vilevile.

Bi Mtandao
Nakazia hapo. Ila kaka, .local achana nayo. Ilitengwa 2013 kwa ajili ya mDNS: kifaa kinauliza vifaa vyote vya ndani kupitia poti (mlango wa mtandao) 5353, hakiendi kwa seva ya DNS. Ukiilazimisha, kifaa hiki kitaona, kile hakitaona, na utahangaika hujui tatizo liko wapi. Tumia home.arpa, ilitengwa 2018 mahususi kwa mitandao ya nyumbani.

Weka Pi-hole (programu ya DNS inayozuia na matangazo) kwenye Pi, kisha kwenye rekodi zake za DNS ya ndani andika picha.home.arpa na IP ya seva. Kwa kuwa ruta haikuruhusu kubadili DNS, zima DHCP ya ruta uwashe ya Pi-hole. Zisiwake zote mbili. Kufungia IP nako utakufanyia humo humo, na Pi yenyewe uipe IP ya kudumu.

Fundi wa Tegeta
Ongeza 8.8.8.8 iwe DNS ya pili, Pi ikizima nyumba isikose intaneti.

Bi Mtandao
Hapana, tafadhali asiweke. DNS ya pili si ya akiba, kifaa kinaweza kuiuliza wakati wowote. 8.8.8.8 haiijui picha.home.arpa, itajibu kwamba jina halipo, na kifaa kitaishia hapo. Hofu yako ina msingi lakini, umeme wetu tunaujua. Pi ikae kwenye UPS ile ile ndogo inayobeba ruta.

Mkazi wa Segerea
Mrejesho wakuu: kompyuta na simu yangu zimekubali! Ya mama watoto imegoma. Nimeiuliza Pi moja kwa moja kwa amri ya nslookup picha.home.arpa 192.168.1.5 (hiyo ni IP ya Pi), jibu linakuja sawa.

Kebo Saba
Basi Pi haina kosa. Kama simu yake ni Android, fungua mipangilio ya mtandao uangalie DNS ya faragha. Kama kuna jina la mtoa huduma limeandikwa pale, maswali yote yanakwenda huko, Pi haiyaoni kabisa. Rudisha iwe otomatiki.

Mkazi wa Segerea
Ndiyo yenyewe! Kulikuwa na dns.adguard.com ya kuzuia matangazo. Nimetoa, picha zimefunguka, na matangazo sasa yanazuiwa na Pi-hole. Mbarikiwe sana. La mwisho: filamu.home.arpa nimeiongeza, mbona bado inanilazimu kuandika :8096, poti ya Jellyfin?

Bi Mtandao
DNS inatoa IP tu, haibebi poti. Weka Caddy (programu inayopokea ombi na kulipeleka kwenye poti husika) kwenye seva, faili lake liwe hivi:

http://filamu.home.arpa {
    reverse_proxy localhost:8096
}

Hiyo http:// ya mwanzo usiiache. Bila hiyo Caddy itawasha HTTPS kwa cheti ilichojitengenezea, na kila simu ya hapo nyumbani italeta onyo.