Nahamia Mombasa katikati ya kaskazi: niendeleeje kukimbia bila kuudhuru mwili?

Mama wa Donholm

Ndugu zangu, hamjambo. Mwajiri wangu amenihamishia Mombasa kuanzia mwishoni mwa Januari, na ninaomba ushauri wa wale wanaolijua joto la pwani pamoja na wale waliosomea mambo ya mwili. Nina umri wa miaka 46, na kwa muda mrefu kukimbia ndiko kumenisaidia kulidhibiti shinikizo la damu ambalo liligunduliwa nilipokuwa na ujauzito wa kitinda mimba wangu. Siku za kazi hukimbia mtaani kabla ya foleni za magari kuanza, na Jumamosi huenda Msitu wa Karura, ambako hata mwezi wa Februari, ambao sisi wa Nairobi huulalamikia sana, kivuli cha miti na hewa kavu humwezesha mtu kumaliza kilomita 10 bila taabu kubwa. Kila asubuhi humeza tembe mbili, na mojawapo ni ile ya kupunguza maji mwilini.

Kila ninapowatembelea wakwe zangu Mombasa huona tofauti kubwa: jasho hutoka lakini halikauki, moyo hudunda kwa kasi hata ninapotembea tu, na usiku usingizi huwa wa mang'amung'amu. Jamaa zangu wananishauri niache kukimbia kabisa. Sitaki kuacha, kwa sababu ninajua kwamba shinikizo langu hupanda ninapokaa wiki kadhaa bila mazoezi. Ningependa kujua mwili huchukua muda gani kuzoea, kama kuna maandalizi ninayoweza kuyafanya nikiwa bado Nairobi, na niyapange vipi maji na chumvi, ilhali daktari ameniagiza nipunguze chumvi.

Mwana wa Kisauni, sasa South B

Dada, karibu kwetu. Umeutaja msimu wa kaskazi, na hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 24. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, mchana wa Februari una nyuzi 27 au 28, lakini ukifika usiku tunajifunika blanketi. Nionavyo mimi, wageni wengi huogopa jua la mchana na kusahau usiku, ambao ndio unaowachosha zaidi, kwa kuwa mwili haupati nafasi ya kupoa kabla ya siku nyingine kuanza. Kipindi kigumu kuliko vyote ni tangambili, wakati kaskazi imefifia na kusi, yaani upepo wa kutoka kusini-mashariki, bado haijaanza kuvuma, kwa sababu hapo fukuto hukaa palepale bila upepo wa kuliondoa. Kusi ikishaingia, kuanzia Mei hivi, utakimbia kwa raha.

Kuhusu saa, chagua alfajiri. Watu wengine watakuambia kwamba unyevu wa hewa huwa juu zaidi wakati huo, na ni kweli, lakini joto lenyewe huwa chini, jua halijatoka, na lami haijaanza kutoa joto. Februari jua la Mombasa huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo ukianza saa kumi na moja na nusu utakuwa umemaliza kabla halijakupiga. Jioni kuna upepo wa baharini, ila barabara na kuta huwa bado zinarudisha joto la mchana kutwa. Kwenye matembezi ya Mama Ngina, kando ya bahari, kuna upepo wazi na watembeaji wengi, na kwa mwanamke aliye mgeni mjini ni bora kujiunga na wenzake kuliko kukimbia peke yake gizani.

Vaa nguo nyepesi, pana, za rangi isiyokoza. Na usione haya kwa mwendo wako kupungua. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, aliacha mbio kabla ya kufika mwisho. Ushindi ulikwenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Joto lile halikumheshimu bingwa.

Kocha wa Ngong Road

Ninaunga mkono maneno ya ndugu wa Kisauni kuhusu mwendo, na ningependa kuongeza mfano mmoja ambao huwasomea wakimbiaji wangu wote. Katika mashindano ya dunia ya riadha huko Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu saa sita ya usiku ili kulikwepa jua, na bado joto lilizidi nyuzi 30 huku unyevu ukizidi asilimia 70. Kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, ilhali mwezi wa Januari mwaka huohuo alikuwa ameshinda mbio za Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Mtu ni yuleyule, mwaka ni uleule, na tofauti inazidi dakika 15. Ikiwa bingwa wa dunia hupunguza kasi kiasi hicho, mama yetu hana sababu yoyote ya kulazimisha saa yake ya Karura ifuate njia za Nyali huko Mombasa.

Kuna mtego mmoja ambao wakimbiaji wa Nairobi hawauoni mapema. Ukishuka hadi usawa wa bahari hewa huwa nzito zaidi, na kila pumzi huleta oksijeni nyingi kuliko ulivyozoea, hivyo dakika za kwanza miguu huwa miepesi na mtu hushawishika kuongeza kasi. Joto hujilimbikiza mwilini polepole na kulipiza baadaye. Anza kwa mwendo unaokuwezesha kutamka kwa sauti sentensi nzima ndefu bila kukatika pumzi, na upunguze zaidi sentensi inapoanza kukatika.

Kuhusu maandalizi, mimi ningekushauri ukimbie hapa mchana, saa saba au saa nane, ukiwa umevaa koti zito la kuzuia upepo, ili mwili uanze kuzoea kutokwa na jasho.

Muuguzi wa Embakasi

Kocha, ninakubaliana nawe kwa mengine yote, lakini ushauri wa koti zito naomba tuuondoe kwa mtu anayemeza dawa ya kupunguza maji mwilini. Kijana mwenye afya anaweza kuuvumilia akiwa chini ya uangalizi. Kwa mama huyu hatari ni kubwa kuliko faida, na nitaeleza kwa nini.

Misuli inapofanya kazi, takriban robo tu ya nguvu inayoitumia hugeuka kuwa mwendo, na sehemu iliyobaki yote hugeuka kuwa joto ambalo lazima litoke mwilini. Njia kuu ya kulitoa ni jasho kukauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini halipozi chochote, ndiyo maana Mombasa unalowa na bado unahisi kuungua. Wakati huohuo moyo unatakiwa kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi pia, huku maji ya damu yakipungua kwa sababu ya jasho, na hapo ndipo mapigo yanapopanda hata katika kutembea. Sasa ongeza tembe inayopunguza maji na madini ya sodiamu, uone jinsi akiba inavyokuwa ndogo. Koti zito huzuia jasho kukauka na kumaliza akiba hiyo haraka, na mtu anaweza kuzirai barabarani.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Mtu akifanya mazoezi mepesi katika joto kila siku kwa muda wa saa moja hivi, mabadiliko mengi huonekana ndani ya wiki ya kwanza, na kwa kawaida hukamilika kati ya siku 10 na 14: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea katika jasho hupungua, na mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile. Uzoefu huo hupotea ukikaa wiki tatu au nne nje ya joto, kwa hiyo ukirudi Nairobi kwa likizo ndefu, utaanza upya kwa upole. Wapo wanariadha wanaojiandaa kwa kuoga maji ya moto mara baada ya mazoezi, na njia hiyo ina msingi, lakini hushusha shinikizo ghafla mtu anapoinuka. Kwako wewe, dada, ni salama zaidi kuanza kuzoea ukiwa Mombasa kwenyewe: siku za mwanzo tembea tu, kisha changanya kutembea na kukimbia kidogo kidogo, na usifikirie kilomita 10 kabla ya wiki mbili kupita.

Kabla ya kuondoka, rudi kwa daktari wako na umwambie waziwazi unahamia wapi na unafanya mazoezi gani. Huenda akabadilisha dawa, kipimo au saa ya kuinywa, na huenda akataka kupima figo na madini ya damu. Usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Kama tembe ya pili ni ya kundi linalopunguza mapigo ya moyo, basi saa ya mkononi inayohesabu mapigo itakudanganya, nawe utegemee zaidi pumzi na hisia ya mwili. Na tafadhali usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya kukimbia ili kuzuia maumivu ya magoti, kama wengi wanavyofanya. Katika joto, ukiwa umepungukiwa maji na ukitumia dawa za shinikizo, figo huumia.

Mzee wa Buruburu

Mimi si mtaalamu, lakini nilifanya kazi bandarini Kilindini hadi nilipostaafu, na dawa yetu ilikuwa maji. Binti yangu, kunywa lita tano kila siku hata kama huna kiu, na ongeza madafu.

Muuguzi wa Embakasi

Shikamoo, mzee wangu. Wapakuzi wa bandarini hutokwa na jasho kutwa nzima, na wanahitaji maji mengi kweli. Kwa anayekimbia dakika 40 alfajiri, kujilazimisha kunywa kupita kiu kunaweza kuleta hatari nyingine, nayo ni sodiamu ya damu kushuka mno. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu baada ya Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka, na dalili kubwa iliyohusishwa na hali hiyo ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa kuliko walivyopoteza. Dawa ya kupunguza maji anayomeza mama huyu inaweza kushusha sodiamu hata bila mazoezi. Kwa hiyo anywe kidogo kidogo kwa kufuata kiu, na aangalie mkojo: rangi ya manjano hafifu inatosha, haihitajiki kuwa kama maji ya mfereji.

Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na baadhi ya dawa za shinikizo huongeza potasiamu mwilini, kwa hiyo naomba hilo pia alitaje kwa daktari kabla ya kuyafanya mazoea. Chumvi ya chakula cha kawaida humtosha mtu anayekimbia chini ya saa moja, na maji ya chumvi na sukari yabaki kuwa ya wenye kuhara.

Mama wa Donholm

Nawashukuru nyote, na wewe mzee shikamoo. Nimekwisha kuomba miadi na daktari. Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza, nitajuaje kwamba sasa si uchovu wa kawaida bali ni hatari? La pili, natafuta nyumba ya kupanga, na kwa kuwa ndugu wa Kisauni ametaja usiku, naomba anieleze niangalie nini.

Muuguzi wa Embakasi

Kizunguzungu, kichefuchefu, kukakamaa kwa misuli na kuhisi baridi au vinyweleo kusimama katikati ya joto ni ishara za kuacha papo hapo, kukaa kivulini na kujimwagia maji. Akili ikianza kuvurugika, yaani mtu anaongea ovyo, anayumba, anakasirika bila sababu au hajui alipo, hicho ni kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili mara nyingi huwa limepita nyuzi 40. Usisubiri ngozi ikauke, maana aliyekuwa akikimbia anaweza kuwa bado anatokwa na jasho. Wenzako wajue kwamba kazi ya kwanza ni kumpoza palepale huku gari likitafutwa: avuliwe nguo za nje, amwagiwe maji baridi kwa wingi bila kukoma au atumbukizwe ndani yake ikiwezekana, apepewe, na barafu iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui, na asipewe parasetamoli, kwani haisaidii homa ya aina hii. Waeleze haya kabla ya siku ya kwanza ya kukimbia pamoja, kwa sababu mwenye kuvurugikiwa hatayakumbuka.

Mwana wa Kisauni, sasa South B

Tafuta nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana, angalau upande mmoja ukielekea mashariki, kwa kuwa kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki. Iepuke ghorofa ya juu kabisa iliyo chini ya zege tupu, kwani zege hilo hunyonya jua kutwa na kukumwagia joto usiku kucha, hata kodi yake ikiwa nafuu. Chumba kinachopigwa na jua la jioni kisiwe cha kulala. Nenda kuiona nyumba alasiri, si asubuhi, na uguse ukuta wa chumba cha kulala kwa kiganja. Feni ya dari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na ukilala umejifunika leso iliyoloweshwa na kukamuliwa, upepo wake hupoza vizuri. Uliza pia kama maji ya mfereji hufika kila siku na kama kuna tangi, maana bila maji ya kuoga kabla ya kulala, kaskazi itakushinda kabla hata hujavaa viatu.