Tupeane uzoefu: uliwahi kupendekeza kipengele kipya kwenye maktaba ya chanzo huria? Ilikuwaje?

Fundi wa Kibirizi (Kigoma)

Habari za leo wakuu. Huku Kigoma, na jirani zetu wa Tabora vilevile, tunaishi kwa maktaba za chanzo huria, yaani msimbo ulioandikwa tayari na kuachwa wazi kwa yeyote autumie. Tunapakua, tunajenga mifumo, wateja wanalipa. Ila wachache sana wamewahi kuwaendea wasimamizi wa maktaba na kuwaambia hapa pana pengo, tulizibe. Aliyewahi atusimulie: alikubaliwa au alikataliwa, na alijibiwa nini. Naanza mimi.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa tiketi za maboti ya abiria yanayotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini hadi Kagunga. Abiria akilipa, anapata SMS yenye saa ya kuondoka. Maktaba ya tarehe niliyotumia huchukua data za Kiswahili kutoka CLDR, hazina ya Unicode ya taarifa za lugha (majina ya siku, miezi, saa) ambayo simu na vivinjari vingi vinaitegemea. Vipindi vyote vya siku vimo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Shida iko kwenye namba. Boti ya 13:00 inaandikwa "1:00 mchana". Ya 19:00 inaandikwa "7:00 usiku", na mtu wa Kagunga akisoma hivyo anajua ni saa saba, watu wamelala. Huyo ameachwa na boti, na nauli ameshalipa.

Njia ya mkato ipo. Unaidanganya programu kwamba uko kwenye majira ya UTC-3 badala ya UTC+3 ambayo ni yetu, saa zinarudi nyuma sita na 13:00 inasomeka 7:00. Lakini kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, tarehe nayo inarudi jana. Kwenye tiketi hilo halivumiliki.

Basi nikafungua isyu, yaani hoja kwenye ukurasa wa mradi wao. Sikuanza na msimbo, nilianza na abiria: SMS hii hapa, msomaji anaelewa hivi, matokeo ni haya. Kisha nikaeleza nisichokiomba. Sikutaka chaguo-msingi libadilike, maana ofisi nyingi za Tanzania zinaandika 13:00 na zinaelewana. Nilitaka chaguo tu, atakayelihitaji aliwashe. Nikaongeza kwamba wasemaji wa Kiamhara nao huhesabu saa kuanzia kunapokucha, kwa hiyo hili si la Waswahili peke yetu. Nadhani hapo ndipo msimamizi alipoanza kunisikiliza.

Aliuliza nani atakitunza kipengele hiki mimi nikichoka, na kwa nini kisiwe plagini, yaani kiongezo cha pembeni. La kwanza nilijibu kwa kuandika majaribio yote mwenyewe: 18:59, 19:00, 0:30, 6:00, mipaka yote inayosumbua. La pili tulibishana muda, kwa heshima. Mwisho wakakubali kitu kidogo kuliko nilichoomba: maktaba iruhusu mtumiaji kuchomeka hesabu yake ya saa. Saa za Kiswahili zenyewe zikawa plagini, ninayoitunza mimi. Naona waliamua sawa. Kipengele kikiingia kwenye maktaba kubwa, mzigo wake wanaubeba watu ambao hawajawahi hata kusikia saa moja asubuhi.

Mwana Urambo (Tabora)

Mkuu, hiyo ya UTC-3 niliikuta kwenye mfumo mmoja, sasa ndiyo naelewa kwa nini ripoti za alfajiri zilikuwa na tarehe ya jana.

Mimi nilikataliwa, na nilikataliwa vizuri. Tulikuwa na fomu za kupokea tumbaku kwenye vyama vya msingi. Karani anapima mzigo, anajaza kwenye simu, anabonyeza tuma, mtandao haupo. Nikapendekeza maktaba ya fomu iwe na foleni yake: ihifadhi taarifa, itume mtandao ukirudi.

Jibu lilikuwa refu na la kiungwana. Kazi yao ni kuhakiki alichojaza mtu, kutuma si kazi yao. Wakiweka foleni, kesho wataulizwa kuhusu usalama wa data iliyohifadhiwa, kesho kutwa kuhusu rekodi iliyotumwa mara mbili. Hilo la mara mbili lilinigusa, kwa sababu mzigo wa mkulima ukihesabiwa mara mbili ni ugomvi wa chama kizima. Wakanielekeza nihifadhi kwenye IndexedDB, hifadhidata iliyomo ndani ya kivinjari, na kila rekodi niipe kitambulisho kwenye simu yenyewe, kabla haijaondoka, ili seva ikikiona mara ya pili iiache. Nikafanya hivyo. Kipengele sikupata, lakini usanifu nilioupata ni bora kuliko niliouomba.

Dada wa Kasulu

Mimi niliambiwa kitu ninachoomba tayari kipo.

Nilikuwa natafsiri mfumo wa ghala, Kiswahili na Kirundi, maana sehemu ya watumiaji wetu walikuwa wakimbizi wa Burundi kambini Nyarugusu. Kiswahili kwenye gettext, zana ya kutafsiri programu, kina hali mbili, moja na zaidi ya moja, basi. Lakini sentensi moja inabeba vitu tofauti: mfuko umepokelewa, sanduku limepokelewa, ndoo imepokelewa. Wingi peke yake hausaidii, kuna ngeli. Nikaandika pendekezo kwamba maktaba ipokee ngeli kama parameta.

Msimamizi mmoja akanionyesha kwamba ICU MessageFormat, mtindo wa kuandika jumbe za programu ambao maktaba yao inautumia, ina kitu kinaitwa `select`. Mifano mingi inaonyesha jinsia, mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nilikuwa naipita bila kusimama. Kumbe inapokea neno lolote unalolitaka. Unaweka `m_mi`, `ji_ma`, `n`, ndani ya kila moja unaweka wingi, imekwisha. Kirundi nacho kikaingia vilevile kwa ngeli zake.

Isyu ikafungwa, ila waliniomba niandike mfano wa ngeli kwenye nyaraka zao. Niliandika, ukakubaliwa. Akija mtu wa Kiganda au Kizulu ataukuta pale. Nawaomba sana wadogo zangu, someni nyaraka mpaka mwisho kabla ya kupendekeza, na mkiona mfano unaowahusu ninyi haupo, pendekezeni huo mfano.

Stesheni Tabora

Yangu fupi. Niliandika pendekezo, hakuna aliyejibu, roboti ikalifunga. Kwa mipangilio ya kawaida roboti ya GitHub ya kufagia isyu inaweka alama baada ya siku 60 za kimya, halafu inafunga baada ya siku 7. Sikuandika tena. Mlioendelea mliwezaje?

Fundi wa Kibirizi (Kigoma)

Pole sana kaka. Kufungwa na roboti si kukataliwa na mtu, mara nyingi hakuna hata mmoja aliyelisoma. Ukitoa maoni kabla ya zile siku 7 kuisha, alama inaondoka. Na usiandike "vipi, mmefikia wapi", leta kitu kipya: mfano mwingine, mtumiaji mwingine, kipande cha msimbo kinachofanya kazi.

Pia angalia mradi wenyewe kwanza. Moment.js, maktaba ya tarehe, ilitangaza mwaka 2020 kwamba haiongezi vipengele vipya, inatunzwa tu. Hapo ukipendekeza unapoteza nguvu zako.

Binti Lumumba (Kigoma)

Naomba kuuliza, mimi bado sijawahi. Kiingereza changu cha kuandika ni kidogo. Nikiandika vibaya watanidharau?

Dada wa Kasulu

Mdogo wangu, wasimamizi wengi nao Kiingereza wamejifunzia shuleni kama wewe. Sentensi fupi zinatosha: nilifanya hivi, nikategemea hiki, nikapata kile. Weka picha ya skrini. Msimbo mfupi unaoonyesha tatizo wanausoma wote.

Mwana Urambo (Tabora)

Naongezea. Soma mapendekezo ya wengine yaliyoandikwa vizuri. PEP, maandiko ya mapendekezo ya lugha ya programu ya Python, zina sehemu ya mawazo yaliyokataliwa na sababu zake, na RFC, maandiko kama hayo ya lugha ya Rust, zina sehemu ya kueleza hasara za pendekezo lako mwenyewe. Ukiandika hasara kabla hujaulizwa, mazungumzo yanabadilika kabisa, unaonekana umekuja kujenga. PEP nayo, kama wewe si miongoni mwa wasanidi wakuu wa Python, inataka uwe na mdhamini, kwa kawaida kati yao. Kwa hiyo jadili wazo hadharani kwanza.

Fundi wa Kibirizi (Kigoma)

Kabisa. Binti Lumumba, ukiandika rasimu iweke hapa tuipitie kabla hujaituma.

Nami nina ombi. Kwenye plagini nimekwama na 6:00. Data ya CLDR inaiweka kwenye alfajiri, lakini mimi nasema saa kumi na mbili asubuhi, na nina abiria wa kusini hadi Kalya ambao huenda wanasema vingine. Andikeni mnavyosema kwenu 5:00, 6:00 na 18:30, na mji mliopo. Nikipata majibu ya kutosha nitayapeleka CLDR pia.

Stesheni Tabora

Tabora mjini: saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Na lile pendekezo langu naliandika upya leo.